Ile Netscape ya marehemu ami: dirisha zima na kila kitufe kazi yake

Kuna mwanangu mmoja wa Langoni, Lamu, kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo mjomba Fundi. Ami yangu alifariki, na kwenye vitu vyake tumekuta kompyuta ya Windows 95, bado yawaka. Ndani mna brauza yaitwa Netscape Navigator 3. Nikiifungua naona vitufe chungu nzima, herufi N kubwa yenye nyota, na pale chini pana ufunguo umevunjika, sasa sijui ndo nimeiharibu mimi? Na kila nikiandika anwani yagoma. Nifahamishe hilo dirisha zima, kila kitu kazi yake, na je, naeza kuingia intaneti nayo?"

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Kwanza toa hofu, ule ufunguo hujauvunja wewe, umekuja hivo hivo kutoka kwa wenyewe, ntakwambia kwa nini. Pili, lile swali lako la mwisho nalijibu mwanzo usije ukakesha bure: intaneti ya leo hutaingia nayo, labda vijisaiti vichache vya watu wapendao mambo ya kale. Lakini usiitupe hiyo mashine wala usimpe mtu wa vyuma chakavu, manake humo ndani kuna kitu cha ami yako nadhani hujakiona bado, tutafika.

Mimi hiyo Netscape naijua kama mlango wa nyumba yangu. Nlikuwa na saiba hapa Malindi, mtaa wa Shella (si Shela yenu ya mchanga mweupe, hii ni ya kwetu), kompyuta tatu na laini ya simu moja, na ile simu tulikuwa twapiga Mombasa ndo tuingie kwenye mtandao, kwa hivo dakika ilikuwa pesa kwelikweli si maneno. Wateja nusu yao Waitaliano wataka matokeo ya mpira wa kwao, nusu vijana wa mjini wataka kumwandikia mgeni aliyerudi Ulaya akasahau.

Sasa kuna jambo moja ukilishika hilo dirisha lote litakufungukia. Limetengenezewa mtu anayengoja. Wewe simu yako ukigusa kitu kimeshafika, hujui hata kilipita wapi. Enzi zile modemu nzuri (kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) ilikuwa 28.8, yaani biti 28,800 kwa sekunde, gawanya kwa nane upate baiti 3,600, na hiyo ni kwenye karatasi. Kwa waya zetu za simu zilizoliwa na chumvi ya bahari tukipata kilobaiti moja na nusu kwa sekunde twasema alhamdulillah. Picha moja ya kilobaiti 60 ni sekunde 40, ukurasa wenye picha tano kama hizo ni zaidi ya dakika tatu, na mteja ameketi anaiangalia saa ya ukutani kuliko skrini. Kwa hivo kila kitu ulichokiona kwenye hilo dirisha ama chakuambia mzigo wako umefika wapi, ama chakupa njia ya kupunguza kungoja. Ukikutana na kitufe hukielewi jiulize tu hiki kilimsaidiaje mtu anayengoja, mara nyingi utapata jibu mwenyewe.

Ndo maana sikuanzishi juu kama vitabu vinavyofanya. Anza chini.

Chini kabisa ya dirisha kuna mstari mwembamba wa kijivu. Watu wengi hawauangalii, mimi mteja mpya nlikuwa namwambia huo ndo uso wa brauza, ukitaka kujua ina shida gani mtazame usoni. Chukulia waenda nyumba ya mtu Mkomani na hujawahi kufika. Ukibonyeza linki, ule mstari unaandika kwanza "Connect: Looking up host", hapo brauza iko barazani yauliza wazee nyumba ya fulani ni ipi, manake kompyuta kati yao hazijuani kwa majina, zajuana kwa namba, kwa hivo lazima awepo wa kuulizwa jina hili ni namba gani. Ikishaelekezwa yaandika "Contacting host", imefika mlangoni yapiga hodi. Kisha "Host contacted. Waiting for reply", yaani imeitikiwa karibu, sauti imesikika ndani lakini mlango haujafunguliwa. Halafu ndo vitu vinaanza kuletwa, itakuonyesha asilimia ngapi imefika, ya kilobaiti ngapi, kwa kasi gani na zimebaki sekunde ngapi. Mwisho yaandika "Document: Done", kahawa umeshakunywa, waeza kuondoka.

Faida yake ni hii, popote inapokwama ndipo penye ugonjwa. Ikikwama kwenye kuuliza majina, seva ya huko mwisho, yaani kompyuta inayoweka ule ukurasa, haina kosa lolote, kosa liko kwa yule muulizwa. Kulikuwa na kampuni tukiilipia mtandao, siitaji, kila jioni watu wakitoka kazini yule muulizwa wao alikuwa analala, kila anwani "Looking up host" mpaka uchoke. Nilichofanya nilikuwa na daftari la mraba, mchana mambo yakiwa mazuri nazinakili zile namba za saiti ambazo wateja wazipenda, jioni badala ya jina naandika namba moja kwa moja kwenye anwani na ukurasa waja kama hakuna kitu, manake tumeruka baraza tukaenda mlangoni. Vijana wakadhani nna uchawi. Ikikwama kwenye hodi, ile seva yenyewe imezimwa au njia imekatika. Ikikwama kwenye "Waiting for reply" basi imezidiwa na wageni, subiri au rudi baadaye. Na kumbuka hapa Kenya kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, zile SEACOM na TEAMS, mambo yetu ya intaneti yalikuwa yapitia setilaiti, iko juu kilomita kama elfu 36, swali lipande lishuke na jibu lipande lishuke, peke yake hiyo ni karibu nusu sekunde kabla hujaongeza ucheleweshaji mwingine wowote. Nusu sekunde yaonekana ndogo, sasa ukurasa wenye vipande ishirini, kila kipande kina hodi yake.

Kwako wewe, ukiandika anwani naamini wapata kiboksi chasema "Netscape is unable to locate the server" na kwamba haina "DNS entry". Sasa washajua maana yake. Mashine haijaunganishwa popote, imetoka barazani haikukuta hata mzee mmoja wa kumuuliza.

Huo mstari una kazi nyingine, ukipeleka maus juu ya linki bila kubonyeza utakuandikia anwani ya kule linki inakokwenda, ujue mapema kama ni ukurasa au ni faili kubwa la kukumaliza pesa. Baadaye watu wakagundua waeza kuutumia kupitisha maandishi yatembee kama tangazo, karibuni karibuni karibuni, na mimi mwenyewe ukurasa wa saiba yangu niliufanya hivo, naona haya hadi leo, manake nilimfunika mteja uso ule ule niliomwambia autazame.

Haya, ufunguo. Uko pembeni kushoto kwenye mstari huo huo. Ukiwa umevunjika katikati maana yake ni kwamba ukurasa unaousoma umekuja wazi, yeyote aliye njiani aeza kuuchungulia. Kwa wakati ule hiyo ndo ilikuwa hali ya karibu kurasa zote, kwa hivo kuuona umevunjika ni kawaida kama kuona punda Langoni. Ukiingia pahali pa siri, kwenye kulipia kitu kwa kadi, ufunguo waunganika na juu ya ukurasa watokea mstari wa bluu. Na sasa utazame vizuri ule ufunguo mzima uhesabu meno. Jino moja ni kufuli dogo la biti 40, meno mawili ni kufuli kubwa la biti 128. Serikali ya Marekani wakati ule ilikuwa yakataza kuuza nje makufuli makubwa, yalihesabiwa pamoja na silaha, basi nakala tulizokuwa twapata sisi huku zilikuwa za jino moja. Na lile jino moja halikuwa kitu, Agosti 1995 Mfaransa mmoja Damien Doligez alilifungua kwa siku kama nane akitumia kompyuta za kazini. Kwa hivo nlikuwa nawaambia Waitaliano wangu wakitaka kuandika namba ya kadi: bwana, hili ni kufuli la sanduku la bati, shauri yako.

Pembe ya kulia ya mstari huo mna kibahasha, cha barua pepe, kikiwa na alama ya mshangao kuna barua mpya. Kwako hakitafanya kazi, kipite.

Sasa panda juu, pembe ya kulia, ile N. N imesimama juu ya mgongo wa dunia usiku na nyota nyuma. Ikiwa yaleta kitu utaona vimondo vyapita, ikimaliza vyatulia. Ni ya kukuambia tu bado nipo, sijafa. Lakini angalia, N na mstari wa chini visome pamoja: vimondo vyapita na namba za chini zasonga, tulia, vimondo vyapita na namba hazijasonga dakika nzima, umeshakatikiwa, hiyo N yakudanganya. Wateja wangu walikuwa wanaitazama N kama watu wanavotazama moto wa jiko, ndo maana walikuwa wakilipa dakika za bure.

Na hapo kwenye N kuna kisa. Kabla ya Netscape kulikuwa na Mosaic, ilitoka 1993 kwenye kituo cha NCSA katika chuo kikuu cha Illinois, Marekani, walioiandika ni Marc Andreessen na Eric Bina. Pembe hiyo hiyo Mosaic ilikuwa na dunia inayozunguka, na ukiibonyeza ile dunia inasimamisha kazi. Andreessen akatoka, akafungua kampuni na Jim Clark 1994, Disemba mwaka huo Navigator ya kwanza ikatoka, na pale penye dunia wakaweka nembo yao. Ila ukiibonyeza N haisimamishi kitu, inakupeleka kwenye ukurasa wa kampuni! Yaani mtu aliyezoea Mosaic, amechoka kungoja, abonyeza pembe isimame, badala ya kusimama yaanza kuleta ukurasa mwingine tena. Mimi naona hapo waliteleza vibaya, na nlikuwa na mzee mmoja mpaka nafunga saiba alikuwa hajaacha kuibonyeza.

Jina lenyewe Navigator, sisi wa pwani halitupi shida. Ni yule ajuaye njia ndani ya chombo, kama rubani aliyechukuliwa hapa Malindi 1498 akampeleka Vasco da Gama hadi Calicut. Mwenye jahazi ni mmoja na ajuaye njia ni mwingine.

Vitufe vikubwa. "Back" na "Forward" wazijua, ila kuna ujanja mmoja watu huwa hawauoni: ukirudi nyuma kurasa tatu kisha ukabonyeza linki mpya, zile tatu za mbele zimepotea, "Forward" haikupeleki tena. Ni kama njia za mitaani kwenu, ukirudi hadi njia panda ukashika uchochoro mwingine, ule wa kwanza umeuacha. Menyu ya "Go" yakuonyesha orodha ya ulikopita, na kila dirisha lina orodha yake. "Home" hairudi nyumbani kwako, yakupeleka ukurasa wa kuanzia, na kama ami yako hakubadilisha utakuwa ni wa Netscape wenyewe, haupo tena.

"Reload" ndo niliyoipatia aibu. Brauza huweka akiba ya kurasa ulizokwishaona kwenye diski, ili ukirudi isiende tena Mombasa na ng'ambo. Ndani ya "Options", kwenye "Network Preferences", mna pa kuchagua itazame mara ngapi kama ukurasa umebadilika: kila mara, mara moja kwa kila ukifungua, au isitazame kabisa. Mimi kwa ubahili nkaweka isitazame kabisa. Spidi ikawa mashaallah! Jumatatu Mtaliano kaja, kafungua gazeti lake la mpira, kasoma, kacheka, kalipa, kaenda. Jioni karudi uso mwekundu, yale matokeo yalikuwa ya wiki iliyopita, alikuwa ameshabishana na wenzie hotelini na kuweka dau. Ikabidi nimrudishie pesa na nimpe na nusu saa ya bure. "Reload" ndo dawa ya hilo, yaenda kuuliza kama kuna kipya, na ukiibonyeza huku umeshikilia Shift yauleta ukurasa wote upya hata kama waona haukubadilika.

"Images" ni kitufe ambacho brauza ya leo haina na mimi chanikosesha raha kukikosa. Ukienda "Options" ukatoa tiki kwenye "Auto Load Images", kurasa zaja maneno matupu, pahali pa picha panatokea kialama kidogo. Wasoma kwanza. Ukitaka picha zote wabonyeza "Images", ukitaka moja tu waibonyeza hiyo kwa maus ya kulia unachagua kuileta. Asilimia kubwa ya saiba yangu ilikuwa inaishi hivo, mtu anakuja kusoma barua au habari, mapambo ya nini? Leo bando yaisha kwa video zinazojianzisha zenyewe hakuna aliyeziita.

Na "Stop". Watu wadhani "Stop" ni ya dharura, sivyo, ilikuwa ya kila siku. Uzuri mkubwa wa Netscape kuishinda Mosaic ni kwamba yakuandikia maneno huku picha bado ziko njiani, haingoji mpaka vyote vikamilike, na yafungua njia nne kwa mpigo, hodi nne milango minne. Kwa hivo maneno yakishafika na ni hayo uliyoyatafuta, "Stop", vilivyofika vinabaki, vilivyobaki huvilipii. Nlikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, yule alikuwa fundi wa "Stop", mkono wa kulia kwenye maus, macho kwenye mstari wa chini, akiona maneno yamekamilika na picha zaanza, tap. Robo saa alikuwa apata kazi ya saa nzima ya mtu mwingine.

"Find" iliwatesa watu. Ile haitafuti intaneti, yatafuta neno ndani ya ukurasa ulio mbele yako tu. Kijana aandika jina la mgeni wake pale, aambiwa hakuna, asononeka. Cha kutafuta intaneti kilikuwa safu ya chini yake, "Net Search", kwenye vile vitufe vyembamba pamoja na "What's New?", "What's Cool?", "Destinations", "People" na "Software". Hiyo safu kusema kweli ni baraza la biashara, vyote vyakupeleka kwenye kurasa za Netscape. Ila hicho cha "Net Search" kilikuwa dhahabu, mwaka 1996 kampuni tano za kutafuta zilikubali kulipa dola milioni tano kila moja kwa mwaka ili zikae kwenye ukurasa ule. Kitufe kimoja! Wewe kwako ifiche tu hiyo safu, "Options" halafu toa tiki kwenye "Show Directory Buttons", upate nafasi ya kusomea.

"Print" nayo ina mtego kama ukurasa umegawanywa fremu, yaani dirisha moja limekatwa vyumba viwili vitatu, menyu kushoto na habari kulia. Itachapa kile chumba ulichokibonyeza mwisho. Watu wangapi wameondoka kwangu na karatasi ya menyu tupu. Hizo fremu zilianza na toleo la 2, na kwenye hilo la 2 "Back" ilikuwa yakutoa nyumba nzima badala ya kukurudisha chumba kimoja nyuma, kelele zikawa nyingi, hiyo 3 yako walishairekebisha. "Open" ni ya kuandikia anwani kwenye kiboksi, hutaihitaji.

Pa anwani penyewe, chini ya vitufe. Utazame lile neno la kushoto kwake, halikai moja. Ukiwa umetulia laandika "Location", ukianza kuandika lageuka "Go to", na ukifika kwenye seva iliyojengwa kwa programu ya Netscape laandika "Netsite", majivuno tu hayo ya kibiashara. Usiandike maswali hapo kama unavofanya kwenye simu. Ukiandika neno tupu, tuseme lamu, haitatafuta Lamu, yalibandika www mbele na .com nyuma na kwenda kubisha huko. Yaeza kukupeleka kwa mtu yeyote. Ila kuna vitu vyafanya kazi bila mtandao, andika about:cache uone orodha ya akiba iliyobaki, na about:mozilla ujionee mzaha wao. Ctrl na Alt na F kwa pamoja ilikuwa yakupeleka kwenye kamera iliyoelekezwa tangi la samaki ofisini kwao. Watu kule Marekani walishangaa samaki kwenye kompyuta, sisi tulilipia dakika tukaangalia samaki na bahari iko nje ya mlango.

Sasa kwa nini haitaingia intaneti ya leo hata ukiiunganisha. Lile kufuli nililokwambia, SSL, Netscape ndo waliolibuni, na hiyo 3 yajua SSL ya pili na ya tatu tu. Zote mbili zimeonekana na matundu, seva za leo hazikubali kuzisikia. Yaani yapiga hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba amekatazwa kuijibu. Na karibu saiti zote siku hizi zataka kufuli. Hata ingepenya, kurasa za leo zimepambwa kwa mambo ambayo ilikuwa haijayajua, ungeona maneno yamemwagika kama mzigo uliopasuka kwenye gati.

Lakini sasa lile nililokuahidi. Menyu ya "Bookmarks", ifungue. Zile ni saiti ami yako alizoziwekea alama kwa mkono wake. Na Netscape hazifichi mahali pa ajabu, ziko kwenye faili moja laitwa bookmark.htm, mara nyingi ndani ya Program Files, Netscape, Navigator. Kabla hujagusa kitu kingine chochote lifanyie nakala, na folda ya Cache karibu yake pia ifanyie, manake hiyo ya akiba programu ikizimika vibaya yaeza kuifuta yote. Flashi usitegemee, Windows 95 ya mwanzo haijui USB, tumia diskete, mafundi bado wanavyo visomeo vyake vya kuchomeka kwenye kompyuta mpya, na lile faili la bukumaki ni dogo litaingia.

Ukishapata nakala, lifungue kwa Notepad si kwa brauza. Utaona kila saiti ina mstari wake, na ndani ya mstari kuna ADD_DATE na namba ndefu. Hiyo ni siku aliyoiweka. Ni sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich (GMT), wewe ongeza masaa matatu. Mfano ukikuta 900000000, hiyo ni 9 Julai 1998 saa moja kamili ya jioni kwa saa zetu. Pembeni yake kuna LAST_VISIT, mara ya mwisho alipoingia hapo, kwa hesabu hiyo hiyo. Zipange kwa tarehe uone alikuwa atafuta nini na lini.

Ikikushinda kuzigeuza nitumie hizo namba tu, ntakugeuzia. Majina ya saiti usinitumie, hayo kaa nayo nyumbani kwenu.